Mabaraza mawili ya Bunge: neno la mwisho ni la nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, hapa Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wengi hutoka Homa Bay na Kisumu. Mara nyingi katikati ya mwaka nawasikia wakilalamika kwamba fedha za kaunti zimekwama kwa sababu Bunge la Taifa na Seneti hawajaelewana. Sisi tumezoea Bunge moja la Dodoma, likipitisha, limepitisha. Naomba unieleze: katika nchi yenye mabunge mawili, lipi ndilo kubwa? Sheria hupitaje huko, na wakikosana inakuwaje? Na je, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar si ndilo bunge letu la pili?

Jibu: Marahaba. Nitaanza na hilo la ukubwa, kwa sababu ndilo linalowachanganya watu wengi, hata wanafunzi wa sheria. Katika Bunge lenye mabaraza mawili, ukubwa haukai mahali pamoja kwa mambo yote. Liko jambo ambalo baraza moja lina neno la mwisho, liko jambo ambalo neno la mwisho ni la baraza la pili, na yako mengine ambayo hakuna linaloweza kusogea hatua bila mwenzake kuridhia. Kwa hiyo anayetaka kulielewa Bunge la namna hiyo, popote lilipo, aulize swali hili kwa kila jambo: baraza hili likikataa, jambo limekufa, limecheleweshwa, au limerudishwa tu kuzungumzwa upya? Nitalieleza kwa mfano wa Kenya, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza na kwa kuwa Katiba yake ya mwaka 2010 imeyaandika mambo haya kinagaubaga.

Kisheria Bunge la Kenya ni moja, lakini limegawanyika katika Bunge la Taifa na Seneti. Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 waliochaguliwa mmoja kutoka kila kaunti, na wajumbe 12 walioteuliwa na vyama kulingana na viti walivyopata. Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu wanaotokana na orodha za vyama. Jumla wajumbe 67. Kila baraza lina Spika wake. Wapiga kura ni wale wale na hupiga kura siku ile ile, ila wanahesabiwa kwa namna mbili tofauti. Bunge la Taifa linafuata zaidi wingi wa watu, na Seneti inafuata kaunti. Kwa sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 na Lamu ilikuwa na watu wasiofika laki moja na nusu. Katika Bunge la Taifa Nairobi ina majimbo 17 na Lamu majimbo mawili, lakini wakifika Seneti kila moja ina seneta mmoja wa kuchaguliwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu huku kwetu Ziwani watu wengi hudhani kwamba Seneti iliwekwa ili kuwapa nguvu watu wote wa pembezoni. Hesabu haisemi hivyo. Kaunti tano za Kenya zinazopakana na Ziwa Victoria, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zina majimbo 36 kati ya 290, ambayo ni zaidi kidogo ya asilimia 12. Katika Seneti zina kura tano kati ya 47, ambazo hazifiki asilimia 11. Wateja wako, kwa hesabu tupu, wana uzito zaidi katika Bunge la Taifa kuliko katika Seneti. Wanaonufaika na Seneti ni watu wa kaunti zenye wakazi wachache, kama Lamu na Isiolo, ambao wakibaki na Bunge la Taifa peke yake sauti yao ingemezwa.

Wazo hilo la kuwapa wachache ukumbi wao lina historia ndefu. Mwaka 1787 wajumbe waliokutana Philadelphia kuandika katiba ya Marekani nusura wavunje kikao, kwa sababu majimbo makubwa kama Virginia yalitaka viti vigawanywe kwa idadi ya watu, na majimbo madogo kama New Jersey na Delaware yalitaka usawa. Wakakubaliana kuwa na mabaraza mawili: moja kwa idadi ya watu, jingine kwa usawa wa majimbo, maseneta wawili kila moja. Mpaka leo California na Wyoming zina maseneta sawasawa. Uingereza ilifika kwenye mabaraza mawili kwa njia nyingine, ya mabwana na makabaila kukaa kando na wawakilishi wa watu wa kawaida, na ndiyo maana baraza lake la pili, ambalo halichaguliwi na wananchi, limepunguzwa nguvu hatua kwa hatua. Kwa sheria za mwaka 1911 na 1949, Baraza la Mabwana linaweza kuichelewesha miswada mingi kwa takriban mwaka mmoja, na ile ya fedha kwa mwezi mmoja tu. Haliwezi kuiua.

Kenya yenyewe imepata Seneti mara mbili. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 iliweka Seneti ya wajumbe 41 pamoja na Baraza la Wawakilishi, kwa kuwa chama cha KADU kilitaka serikali za majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake, si majimbo ya uchaguzi, zenye ulinzi katika Bunge. KADU ilijivunja na kuingia KANU, chama tawala, mwaka 1964, majimbo yakanyang'anywa mamlaka yake, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza jingine kuwa Bunge moja. Naomba ulishike jambo hili: Seneti ile ilianguka baada ya majimbo iliyokuwa ikiyawakilisha kuanguka. Iliporudi kwa Katiba ya 2010 na kuchaguliwa kwa mara ya kwanza Machi 2013, ilirudi pamoja na kaunti 47 zenye magavana, mabaraza na bajeti zake.

Sasa tuje kwenye safari ya sheria, na tuchukue muswada unaokuhusu wewe, tuseme muswada wa kusimamia mialo, yaani sehemu za ufukweni za kupokelea samaki. Kabla ya baraza lolote kuanza kuujadili, Maspika wawili wanapaswa kukaa na kuamua kwa pamoja kama unahusu serikali za kaunti. Hatua hii inaonekana kama karatasi tu, lakini ndiyo lango lenyewe. Muswada usiohusu kaunti hupitishwa na Bunge la Taifa peke yake kisha ukaenda kwa Rais, Seneti haiguswi. Muswada wa fedha kwa maana ya kodi na matumizi ya serikali kuu nao unaanzia na kuishia Bunge la Taifa. Muswada wa mialo ungepita mlango mwingine, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeiweka kazi ya uvuvi chini ya kaunti katika fungu la kilimo, huku serikali kuu nayo ikishika sehemu yake upande wa kulinda mazingira. Unahusu kaunti, kwa hiyo lazima upite kotekote.

Tuseme umeanzia Bunge la Taifa. Utasomwa kwa mara ya kwanza, utapelekwa kwenye kamati, na kamati italazimika kuwashirikisha wananchi, maana Katiba inaagiza hivyo. Hapo ndipo viongozi wa mialo wanapoweza kufika na kusema kifungu fulani cha ushuru kitawaumiza. Utasomwa kwa mara ya pili na kujadiliwa, utapitiwa kifungu kwa kifungu, utasomwa kwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Ukipita unavuka kwenda Seneti na kuanza upya hatua zile zile. Lakini wakati wa kura, hesabu inabadilika. Katika mambo yanayohusu kaunti maseneta hawapigi kura kichwa kwa kichwa. Kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe wake ambaye ni seneta aliyechaguliwa, na jambo halipiti mpaka liungwe mkono na zaidi ya nusu ya ujumbe wote, yaani kaunti 24 kati ya 47. Seneta wa Homa Bay anayeutaka muswada wa mialo lazima awashawishi wenzake wa Garissa na Nyeri, ambao wapiga kura wao hawajawahi kukausha dagaa. Binafsi naiona hii kuwa faida kubwa ya utaratibu huu: sheria ya uvuvi haiwezi kupita kwa nguvu ya watu wa ziwani pekee, wala haiwezi kupita bila mtu kuwaeleza wengine kwa nini inafaa.

Seneti ikiupitisha bila kubadili neno, unakwenda kwa Rais. Ikiufanyia marekebisho, unarudi Bunge la Taifa. Likiyakubali, Spika wa huko anaupeleka kwa Rais ndani ya siku saba. Likiyakataa, au kama Seneti iliukataa muswada mzima, Maspika wanaunda kamati ya upatanishi yenye wajumbe idadi sawa kutoka kila upande. Kamati hiyo ina siku 30. Ikipata maandishi ya pamoja, kila baraza linayapigia kura ya kukubali au kukataa. Ikishindwa ndani ya siku hizo, au maandishi yake yakikataliwa na upande mmoja, muswada umekufa. Hakuna wa kuufufua. Anayeutaka aanze na muswada mpya. Rais naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake, na akiurudisha, Bunge linaweza kushikilia msimamo wake kwa theluthi mbili ya wabunge wa Bunge la Taifa na, kwa muswada kama huu wetu, theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti katika Seneti.

Yale malalamiko ya wateja wako yanatokana hasa na fedha, na hapa kuna miswada miwili ambayo watu huichanganya. Wa kwanza hugawa mapato ya nchi kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa jumla. Wa pili huchukua fungu hilo la kaunti na kuligawa kaunti kwa kaunti. Katiba inataka fungu la kaunti lisipungue asilimia 15 ya mapato ya mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Juu ya hapo ni mapatano, na mapatano hayo ndiyo yanayokwama.

Katika muswada wa kwanza mabaraza yote mawili yana nguvu ya kukataa. Mwaka 2013, Seneti ikiwa changa, marekebisho yake kwenye muswada huo yaliwekwa kando na ukapelekwa kwa Rais, akautia saini. Seneti ikaomba maoni ya Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo majaji wakasema kwamba Seneti ilistahili kushirikishwa, kwa kuwa muswada wa kugawa mapato unahusu kaunti. Tangu hapo mvutano umekuwa juu ya kiasi. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilisimama kwenye shilingi za Kenya bilioni 310 na Seneti ikasimama kwenye bilioni 335. Muswada wa kwanza ukafia kwenye upatanishi, ukaletwa mwingine, na mwafaka ukapatikana Septemba kwa bilioni 316.5, wakati mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai 1. Mwaka 2024 walivutana tena, safari hii kati ya bilioni 380 na bilioni 400, wakakutana kwenye bilioni 387.4. Ukitazama takwimu hizo utaona kwamba mapatano huangukia karibu zaidi na Bunge la Taifa. Sababu yake si ngumu kuiona. Serikali kuu inaweza kuendesha shughuli zake wakati wa mvutano, na kaunti haziwezi kusubiri, kwa hiyo anayewakilisha kaunti ndiye anayechoka mapema. Wanaoumia katika miezi hiyo ni wauguzi wa hospitali za kaunti wasiolipwa na wazabuni wanaodai. Anayesifu mabaraza mawili bila kutaja gharama hii hajamaliza maelezo.

Muswada wa pili, wa kugawa kaunti kwa kaunti, una mizani tofauti kabisa. Huo ni muswada maalumu unaoanzia Seneti, na Bunge la Taifa haliwezi kuubadili au kuukataa isipokuwa kwa theluthi mbili. Seneti ndiyo pia inayoamua, kila baada ya miaka mitano, vigezo vya mgawo: uzito wa idadi ya watu, wa umaskini, wa ukubwa wa eneo. Mwaka 2020 mjadala wa vigezo uliwagawa maseneta wenyewe kwa wenyewe, kaunti zenye watu wengi upande mmoja na kaunti kubwa za wafugaji upande mwingine, na vikao vikaahirishwa kimoja baada ya kingine hadi Septemba 17. Safari hiyo Bunge la Taifa halikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo mteja akikwambia fedha zimekwama, muulize kwanza ni muswada upi, maana jibu litaonyesha ni nani wa kulaumiwa.

Kuna kazi moja zaidi ambayo mabaraza mawili hugawana vizuri, nayo ni kuwaondoa viongozi. Bunge la Taifa hushitaki na Seneti huhukumu. Mfano wa karibu ni wa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Oktoba 8, 2024 wabunge 281 waliunga mkono hoja ya kumwondoa, idadi iliyozidi theluthi mbili iliyotakiwa. Hoja ikapelekwa Seneti, ambako mawakili wa pande zote walisikilizwa, na Oktoba 17 maseneta wakapiga kura shitaka kwa shitaka. Hapa kila seneta alikuwa na kura yake, na kila shitaka lilihitaji theluthi mbili ya maseneta wote. Kati ya mashitaka 11, matano yalithibitishwa na sita yakaanguka, lakini hata moja lingetosha. Magavana nao hushitakiwa na mabaraza ya kaunti zao na kuamuliwa na Seneti. Nchi yenye baraza moja inaweza kujikuta imempa mshitaki kalamu ya hukumu, na hilo, kwa maoni yangu, ni jambo la kutafakari kwa uzito.

Si kila nchi imeupa ukumbi wa pili nguvu hizo. Afrika Kusini ina Baraza la Taifa la Mikoa lenye wajumbe 90, kumi kwa kila mkoa. Katika mambo yasiyohusu mikoa, likikataa muswada, Bunge la Taifa linaweza kuupitisha tena kwa wingi wa kawaida. Katika yanayohusu mikoa, kuna upatanishi, na Bunge la Taifa linahitaji theluthi mbili ili kulishinda. Na zipo nchi zilizofuta kabisa ukumbi wa pili. Denmark ilifanya hivyo mwaka 1953. Senegal iliifuta Seneti yake mwaka 2012, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuokoa fedha za kuwasaidia waathirika wa mafuriko. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi wana Seneti, Uganda haina.

Kuhusu Zanzibar, jibu ni hapana, ingawa naelewa kwa nini umefikiri hivyo. Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, hutunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano. Muswada uliopitishwa Dodoma hauvuki bahari kwenda kupigiwa kura tena Zanzibar ili uwe sheria ya Muungano, na hiyo ndiyo alama ya baraza la pili. Wajumbe watano wa Baraza hilo huchaguliwa kuingia Bunge la Muungano, lakini wakifika Dodoma ni wabunge kama wengine.

Hata hivyo Katiba yetu ya mwaka 1977 ina kitu ambacho wengi hawakijui, na kinafanya kazi inayokaribiana na ya Seneti ndani ya ukumbi mmoja. Ibara ya 98 inasema kwamba mabadiliko ya mambo fulani yaliyoorodheshwa, kama kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, na orodha yenyewe ya mambo ya Muungano, hayapiti mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali. Wabunge wa Bara ni wengi mara nyingi zaidi, lakini kwa mambo hayo wingi wao hauwasaidii. Kwa sheria za kawaida kinga hiyo haipo. Kinachobaki ni kamati, hatua za kusomwa, na saini ya Rais.

Hukuniuliza kama Tanzania inahitaji Seneti, lakini naona swali hilo limejificha nyuma ya yale uliyouliza, na sitaki kulikwepa. Mtu wa Ukerewe anaweza kusema kwa haki kwamba kisiwa chenye mbunge mmoja kinapotea katika ukumbi wa mamia. Lakini seneta wa Mwanza angekuwa anawakilisha serikali ipi? Mkoa kwetu hauna baraza la kuchaguliwa lenye mamlaka ya kutunga sheria, unaongozwa na Mkuu wa Mkoa anayeteuliwa na Rais, na hauna fungu la mapato lililolindwa na Katiba ambalo seneta angelipigania. Seneti ya namna hiyo ingekuwa na wabunge wengine wa ziada, wenye mishahara na magari, wakirudia mjadala uliokwisha fanyika. Kenya ilijifunza kati ya 1963 na 1966 kwamba ukumbi wa pili hausimami bila mamlaka za chini zenye mapato na kazi zake. Kwa hiyo mimi ningependa tuanze na ibara za 145 na 146, zinazohusu serikali za mitaa, ambazo zinataja uanzishwaji na madhumuni ya halmashauri lakini hazisemi ni sehemu gani ya mapato ya nchi ambayo ni haki yao.